Umoja na Wingi

Samaki ni neno lisilojua kuhesabu:
mmoja samaki, elfu samaki.
Kitenzi ndicho hubeba hesabu mgongoni.
Wanaogelea, walisema watu wa Ojo Hondo,
na maji yakametameta kwa migongo midogo.
Anaogelea, alisema Evodio Villarreal,
Machi ya mwaka juzi, jike lilipoelea ubavu juu,
na silabi moja ikatoka duniani
bila kuaga.

Huko, kaskazini mwa Meksiko, chemchemi huitwa jicho,
kama nasi tusemavyo jicho la maji.
Jicho lile lilikuwa na kina cha watu watatu.
Kisha zikaja pampu za shamba la majani ya ng'ombe,
kijani kibichi katikati ya jangwa,
maziwa yakaenda mjini kwa malori yenye barafu.
Maji yakimwagika hayazoleki, sawa.
Haya hayakumwagika. Yalinunuliwa,
kwa stakabadhi na muhuri.
Jicho likabaki tundu lenye chumvi pembeni,
kama la mtu aliyekwisha kulia.

Evodio alifundisha hesabu miaka thelathini.
Alimweka samaki katika stoo ya shule,
kati ya madawati yaliyovunjika miguu
na tufe la dunia lenye ufa kwenye Pasifiki.
Umeme aliuvuta kwa waya mrefu kutoka jikoni kwake.
Nyuzi ishirini na tisa, asipunguze, asizidishe.
Viluwiluwi vya mbu alivichota kwa kichujio cha chai
cha mkewe, Herminia,
ambaye alinunua kingine, hakuuliza.
Watoto walimwita Clavo, yaani msumari,
maana urefu wake ulikuwa huo,
inchi moja na robo, wa kupigilia fremu ya picha.

Usiku umeme ulipokatika
alijaza chupa za soda maji ya moto,
akazivisha soksi, akaziegemeza kwenye kioo,
akakaa gizani akinong'ona jedwali la saba.
Saba mara moja, saba.
Hakupita hapo.

Alikufa Jumanne. Hakuna aliyeona.
Evodio alikuwa kwenye foleni ya mkate.
Silabi iliyosalia ikahamia wakati uliopita:
aliogelea, alikula, aligeuka
mtu alipowasha taa.

Ximena wa chuo kikuu alikuja na chupa ya spiriti
na fomu ya kurasa nne.
Saa ya kufa?
Evodio alitazama saa ya ukutani,
iliyosimama tangu Krismasi.
Mtu aliyesahihisha hesabu za wilaya nzima
akaandika: asubuhi, kabla ya mkate.
Idadi iliyobaki?
Hapo kalamu ilikaa.
Sifuri aliifundisha kila mwaka, wiki ya pili,
kwa kikapu na machungwa: toa, toa, toa,
na watoto walicheka kikapu kilipobaki kitupu
kwa kuwa machungwa walikuwa wameyala.
Aliichora taratibu,
akaipitia juu yake mara ya pili,
ikawa nene, ikawa na kope.

Ximena aliondoka, akasahau kofia.
Hodhi liliendelea kupuliza mapovu siku tisa.
Hakuna aliyemwambia azime,
hakuna aliyemwambia asizime.

Mwisho wa mwezi ikaja bili ya umeme.
Herminia, aliyezilalamikia bili zote miaka mitano,
kwa sauti iliyovuka barabara,
aliifungua jikoni, amesimama, mikono ina unga.
Ilikuwa imeshuka kwa peso mia moja na kumi na mbili.
Akaivuta stuli, akaketi.
Akamwita mumewe aje amsomee yeye,
maana macho yake, alisema,
leo hayaoni vizuri.